Sisi Ndio Tuliomzuia Kuhama

Kabiro, Kawangware,
Nairobi.
14 Juni 2025.

Mpendwa ndugu yangu Wainaina,

"Hakuna karatasi, hakuna kesi." Hivyo ndivyo kaka yetu Gathogo alivyokuambia kwenye simu, nawe ukakubali haraka mno. Nitawajibu nyote wawili, lakini kwanza salamu. Hujambo huko Calgary? Nyawira na watoto wanaendeleaje? Mgongo wako umepona? Sisi tu wazima. Goti langu lanisumbua kidogo, mdomo haujambo.

Mvua imepungua, sukuma wiki zangu zimestawi, na shangazi Wagaki amerudi kwenye kwaya. Nina furaha, na sababu utaiona.

Unamkumbuka Mukhwana, seremala aliyepanga kwetu. Miaka sita iliyopita alipata kibanda kizuri mtaa wa Ayany, akafunga mbao zake tayari kuhama. Gathogo akamwambia mbele yangu, "Ayany utaenda kufanya nini? Jaza hilo shimo la kona ya ploti yetu, ujenge karakana. Ni pako mpaka uzeeke." Mukhwana akaiacha nafasi ya Ayany. Kila Jumapili baada ya kanisa alisukuma toroli la mawe na udongo, miezi minane, mpaka shimo likawa uwanja. Gathogo mwenyewe alimwonyesha mlango uelekee wapi. Sasa anataka kujenga ghorofa, na Mukhwana aondoke.

Sibishani na hati ya ploti. Nabishana na mtu anayeitumia kama panga. Mawakili huliita jambo hili estopeli: ukimpa mtu neno, ukamwacha aliamini na kujitoa kwa ajili yake huku unatazama, huruhusiwi kuligeuka na kumwachia hasara. Si kila ahadi hufunga. Gathogo akisema atanitembelea Krismasi asije, nitanuna tu. Lakini Mukhwana aliacha pengine pa kwenda kwa sababu yetu. Sheria hudai maandishi yazuie udanganyifu. Tukiyageuza kuwa maficho ya mdanganyifu, haki inabaki wapi?

Jumamosi iliyopita tulikutana sebuleni kwangu. Gathogo akaanza, "Mimi nilikuwa naongea tu."

"Na mimi nilikuwa najaza mawe tu, mzee?" akauliza Mukhwana. "Mbao zangu zilikuwa zimefungwa. Nani aliniambia nifungue kamba?"

Gathogo akanigeukia. "Waceke, wewe ni wakili wa nani?"

"Wa yule aliyekuamini," nikamjibu.

Hapo shangazi Wagaki akacheka mpaka akashika ubavu. "Gathogo, shimo lililomeza gumboot zako zote mbili, leo unaliita ploti?"

Hata Gathogo alicheka. Alikunywa chai yake, kisha akasema neno ambalo sikulitegemea: "Kweli nilimzuia." Ndugu yangu, nimesoma vitabu vingi vya sheria, na hakuna ukurasa ulionipendeza kama maneno hayo mawili. Tukakubaliana: ghorofa itajengwa, na karakana itabaki pale pale, kwenye kona ya chini. Tumeyaandika. Gathogo ametia sahihi, nami pia, na nakala nimeiambatisha kwenye barua pepe hii.

Imebaki yako, kwa kuwa ploti ni yetu watatu na bila wewe karatasi hii haina nguvu. Usiniambie hukuwepo. Siku ile Gathogo alipompa Mukhwana neno, tulikupigia simu, ukasema, "Sawa kabisa, lile shimo lilinishinda." Mukhwana alikusikia, akashika toroli. Mchoraji wa ramani anakuja Ijumaa, na akikosa sahihi yako ataichora ghorofa bila karakana.

Gathogo anakusalimu, hana kinyongo. Shangazi anawaombea kila Jumatano. Mungu awatunze huko ugenini, awape kazi njema na watoto wenye adabu.

Sasa sikia, Wainaina: ulisema ndiyo, mtu akajenga juu ya ndiyo yako. Tia sahihi. Nawe Nyawira, usimwache aende kazini Jumatatu kabla hajaituma.

Dada yako, anayekupenda hata akikugombeza,

Waceke