Doto, Zilikuwa Fizi

Doto, pacha wangu,

Siku tuliyokuzika, hapa nyumbani Igogo, walinipa kipaza sauti nisome wasifu wako. Nikakishika, halafu nikamkabidhi baba mdogo. Watu wakanionea huruma: "Mwacheni Kulwa, uchungu umemzidi." Uchungu ulikuwepo, Mungu anajua. Ila kilichonikalisha chini ni harufu ya mdomo wangu, na mchungaji yupo hapo puani. Aibu gani hii, jamani! Nikaziba mdomo na khanga. Baba mdogo akasoma bila miwani, akaruka jina la binti yako. Jioni Neema akaniuliza, "Mama mkubwa, kwani mimi siyo wa mama?"

Nimekwenda kwa daktari wa meno. Miezi yote ile fizi zilipotoka damu, niliacha kuzigusa na mswaki. Unakumbuka mama alivyotuambia, "Panapouma paacheni papone"? Wewe ulicheka ukaendelea kusugua. Mimi, mtiifu wa watu, nikaacha.

Kumbe bakteria walishajenga utando kwenye mashina ya meno, na mwili ukatuma chembe nyeupe za damu zikapigane nao. Mishipa hutanuka ili zipite, ndiyo maana fizi huvimba na kutoka damu kirahisi. Nilipoacha kusafisha, bakteria wakajificha chini ya fizi na vita vikawa haviishi. Hapo ndipo nilipolia, Doto. Mwili ukipigana muda mrefu hivyo unaumiza fizi zake wenyewe, unakula hata mfupa unaoshika meno. Jino langu moja la mbele limeshatoka. Mengine yatashika, amesema daktari, mradi nisafishe kila siku. Amenikwangua meno hadi machozi, na sasa damu imekoma.

Jumamosi tunakuwekea msalaba. Baba mdogo kaanza kutafuta karatasi ya wasifu wako, nikamwambia apumzike, nitasoma mimi. Nina pengo mbele, yaani ungekuwepo ungenitania mpaka nikufukuze na mwiko. Naona haya bado, sikufichi.

Lala, pacha wangu. Nakuahidi khanga itabaki begani. Nitasimama kaburini kwako, pengo wazi, na kabla ya neno lolote lingine nitasema: ameacha binti mmoja, Neema.

Kulwa wako.