Jiwe la Hamad Faki

Mama yangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Naanza na goti lako, maana kwa simu ukiulizwa hali unajibu "njema" hata kama umekaa kitako na huwezi kunyanyuka. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia imekufaa, au umeshampa Bi Time jirani? Mimi mwili ni mzima. Hapa London baridi haijaondoka, na kazi ya kuwanyanyua wazee vitandani imenipa mgongo kama wako. Alhamdulillahi.

Barua hii nimempa mkononi Bi Rukia wa Jadida, anayerudi huko nyumbani, na nimemwapisha asikupe mbele za watu. Kwa simu nisingeweza, simu yako husikilizwa na ukumbi mzima. Basi funga mlango wa chumbani, vaa miwani, usome peke yako.

Mama, nilikudanganya. Uliponiuliza kama nimepata lolote la babu kule yanakowekwa majalada ya serikali ya kikoloni, nilikwambia sijapata kitu. Nimepata. Nimekaa nalo wiki sita, na ningekaa nalo mpaka nife, lakini juzi ukanambia, "Fundi keshaanza jiwe, mwanangu. Mie nshakuwa nzee, nataka Shaabani hino kaburi la baba liwe na jina." Nikaona nikizidi kunyamaza nitabeba dhambi.

Kule unaingia na penseli tu, mkoba na kalamu ya wino unaviacha nje. Nikaletewa jalada la watu waliofungwa kwa magendo ya karafuu. Nikamkuta babu, Hamad Faki Hamad, amekufa kwa homa gerezani Unguja, akazikwa hukohuko. Nikamsomea Fatiha palepale kwenye kiti. Nikafunua kurasa chache, nikamkuta Hamad Faki Hamad tena, anafunguliwa, mwaka mmoja na nusu baada ya kufa. Nikadhani karani alikuwa amelewa.

Lakini Pemba ukiita Hamad Faki sokoni wanageuka watu kumi. Walikuwa wawili, mama. Aliyekufa ni mvuvi wa Micheweni, ameandikwa hana alama yoyote mwilini. Aliyefunguliwa ni mkulima wa Gando, mkono wa kushoto hana kidole cha mwisho. Unamkumbuka bibi alivyokuwa akitukuta tunachezea shoka? "Babu yenu kidole chake kakiacha nkarafuuni. Nanyi mwataka kuacha nini?" Nilipousoma mstari ule nilitoka nje nikalia huko, kwa sababu ndani karatasi hazitakiwi kurowa.

Basi habari ya msiba iliyofika Gando ilikuwa ya mtu mwingine. Aliyeileta alisikia jina tu, na jina lilikuwa sawa. Bibi akakaa eda yake, akamaliza, akaolewa na Baba Makame aliyekulea. Hakuna aliyekosa. Nimemuuliza shehe mmoja wa huku bila kutaja mtu, akasema watoto wa ndoa ile ni wa halali, asihangaike yeyote. Mjomba Juma, kwa kuwa kazaliwa ndoa hiyo, usimwambie mpaka mwenyewe uone wakati umefika.

Lililobaki ndilo lililonitesa. Kuna barua fupi ya afisa wa kizungu wa Wete. Ameandika kuwa huyu Hamad Faki, alipofunguliwa, alikwenda kwao Gando asubuhi na akarudi Wete mchana uleule. Alipoulizwa, akasema mkewe ana mume, na mwanawe amemwona anacheza uani, ana afya. Hakupiga hodi. Akaomba kibali cha kwenda Tanga, akapewa.

Mtoto yule ni wewe. Baba yako alikuja, akakuona, akaondoka asije akawavunjieni nyumba. Sijui nikwambie ufurahi au ulie. Mimi nina hasira naye, Mungu anisamehe, na nampenda. Habari za Tanga nimezitafuta siku zangu zote za mapumziko, sikupata hata mstari mmoja. Alikozikwa sikujui.

Na kaburi la Unguja umelipalilia tangu mimi sijazaliwa. Kila Shaabani unapanda boti na jembe lako dogo, watu wa bandarini wanakucheka. Naomba usilitupe. Yasini zako zimemfikia yule mvuvi, naye alikuwa hana mwingine wa kumsomea. Lakini huenda Micheweni yuko mtu mzima kama wewe, hajui baba yake kalala wapi. Uchungu wake wewe unaujua kuliko mimi.

Nenda Micheweni kwanza, mama, kabla ya Unguja. Waulize wazee wa pale ukoo wa Hamad Faki Hamad, mvuvi, aliyefungwa kwa karafuu asirudi. Ukiwapata, nenda nao kaburini ukawaoneshe. Jiwe na liwekwe, jina ni lilelile. Ila mwambie fundi asiandike Gando.

Nisalimie Mjomba Juma na mkewe, na mdogo wangu Asha umwambie anyonyeshe, asisikilize maneno ya wifi zake. Bi Time naye msalimie, na dawa airudishe.

Nakuomba radhi kwa uongo wangu, na kwa ukweli wangu pia.

Mwanao,
Zuwena, mjukuu wa Hamad Faki wa Gando