Mshubiri wa Chumbani kwa Rahma

Jumamosi. Hapa Merrylands, mtaa wetu wa ugenini, kumekucha na manyunyu, na baridi ya Julai imeingia mpaka kwenye vigae vya jikoni. Nimechoka, lakini leo nina la kuandika.

Tangu tulipomzika baba yake, binti yangu Rahma amekuwa mtu wa kitandani. Chuo ameacha kwenda. Pazia lake halifunguliwi. Kwa daktari anakwenda na dawa anameza, ila nikimsemesha ananijibu kwa Kiingereza, neno mojamoja, uso ukutani.

Naogopa kwenda kazini. Kurudi naogopa zaidi.

Jirani yetu Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, ndiye aliyeniletea mshubiri mdogo kwenye chungu. "Weka hii kwa chumba yake," aliniambia. "Usimuambie kitu."

Moyoni nilisema: mwanangu anazama, wewe unaniletea mmea? Hata hivyo niliuweka mezani kwake, nikawa naumwagilia kila asubuhi. Kusema kweli, nilikuwa natafuta kisingizio cha kuingia nimwone anapumua.

Wiki iliyopita majani ya chini yalianza kulegea na kugeuka kahawia. Nilipoinamisha jagi, Rahma akageuka.

"Mama, unauozesha. Hautaki maji mengi hivyo."

Alisema kwa Kiingereza, lakini ilikuwa sentensi nzima. Nikamuuliza nifanye nini. Akasema niuache, atautazama mwenyewe. Nilitoka nikajifungia bafuni, nikafungua bomba ili asinisikie nikilia.

Leo mchana nimerudi kutoka kazini nikakuta pazia limevutwa nusu. Rahma amekaa sakafuni, mikono yote udongo. Ameung'oa mshubiri, amekata mizizi iliyooza, ameulaza juu ya gazeti dirishani ukauke kabla ya kuupanda upya.

Nikasimama mlangoni. Nilitaka kumkumbatia, nikajizuia. Nilihisi nikifanya makeke atarudi chini ya shuka.

"Utapona?" nikauliza.

"Sijui, Mama. Mizizi mingine imekufa. Mingine bado mizima."

Kwa Kiswahili. Kimepinda kidogo, chenye lafudhi ya shule za huku, lakini Kiswahili.

Nikaenda kupasha chakula. Baada ya muda akaja mwenyewe jikoni, akala nusu sahani. Alimtaja baba yake mara moja tu, kwamba angetucheka kwa udongo ule kwenye zulia. Mimi pia nikacheka. Kisha akarudi kulala.

Simdanganyi mtu. Mmea haukumponya mwanangu. Ila umempa kitu kinachomhitaji, wakati mimi nilikuwa nimemzoesha kuhitaji tu.

Sijui kesho ataamkaje. Nimeroweka maharage.

Ya watu wawili.