Kahawa Yenye Harufu ya Dona

Njiro, Jumatano

Baba Mika,

Habari za huko Sokon One? Mika alikohoa wiki nzima, sasa amepona.

Ile mashine yako ya espreso imenishinda. Ulipohama ulibeba kisagio ukaiacha mashine, basi nilikaanga buni nikaipeleka kule wanakosaga mahindi. Ikatoka laini kama unga wa ugali. Maji yakashindwa kupita. Mashine ilinguruma, ikadondosha matone meusi, ikanyamaza. Kahawa ilikuwa chungu na ilinuka dona. Nilimaliza kikombe chote, sijui kwa nini.

Mara ya pili nikatwanga kwenye kinu. Chenga zikawa kubwa, maji yakapita mbio, kahawa ikatoka nyepesi na chachu kama ndimu. Nimeongeza unga, nimeugandamiza kwa nguvu, nimeosha kichujio kwa siki. Bado. Na mimi ni mtu wa chai, unajua.

Buni anatuletea mama yako, kama zamani. Kila akipiga simu anauliza kama mwanawe anaipenda kahawa yake, nami namjibu, "Anaipenda sana, mama." Amepalilia mibuni maisha yake yote na hajawahi kuonja kahawa ya mashine. Jumapili akitoka ibadani anakuja kuionja. Ameomba umtengenezee wewe.

Nimechoka kukujibia. Njoo na kisagio, umpe mama kikombe chake, halafu umwambie mwenyewe unakoishi.

Tabea