Bata Walioganda Kando ya Bwawa

Baba Odilia, mume wangu mpendwa,

Ukiwa unausoma mstari huu wewe mwenyewe, kwa macho yako, basi nusu ya ninachoomba nimeshaipata. Hamjambo hapo nyumbani? Odilia amepona kikohozi? Na mama, magoti yake yanamruhusu kushuka mtoni? Mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Mimi mwilini ni mzima. Moyoni sitakudanganya.

Barua yako ya mwisho ilisema wanaume wa Mugoma wanaandikishwa mgambo, na jina lako limesomwa mkutanoni. Tangu hapo sijaona hata bahasha. Najua kijiji kilinituma huku Hungaria nijifunze kufuga bata kwa ajili ya mradi wetu wa bondeni, hakikunituma kulia. Lakini sina budi kukueleza lililonipata.

Anayetufundisha ni mama mmoja mzee, jina lake Ilona. Shamba zima linamwita shangazi kwa lugha yao, nasi tunamwita hivyo hivyo. Siku ya mwisho ya mwaka alikwenda mjini kuchukua chakula cha bata, akaniachia kundi zima likiwa nje kando ya bwawa. Mvua ya kawaida ilikuwa ikinyesha. Aliniambia, kwa maneno machache ninayoyaelewa na kwa mikono, kwamba upepo ukianza kuvuma kutoka kaskazini niwaingize bandani hapo hapo, nisiangalie saa.

Mchana Elias, mwenzangu wa Biharamulo tuliyekuja naye, akanifuata stoo na redio yake. Dada yake alikuwa amemwandikia kwamba watu waliokimbia vita kutoka ng'ambo ya mto Kagera wamefika Biharamulo kwa miguu, na wengine wanalala kwenye veranda ya boma na watoto wachanga. Tukaiinamia redio ile tukitafuta sauti ya nyumbani. Tulisikia "Kagera", tukasikia "majeshi yetu", halafu mvumo mtupu. Elias akazungusha kitufe, nami nikamwambia azungushe tena. Nilikuwa natafuta jina la wilaya yetu, Ngara, kana kwamba mtangazaji angesoma na jina lako. Upepo sikuusikia.

Nilipotoka, mvua ilikuwa inagonga mabati kama kokoto, na matope ya asubuhi yamekuwa magumu kama tofali. Bata walikuwa wamelala kando ya bwawa, kimya, na wewe unajua bata hawana kimya. Nikamshika wa kwanza nimnyanyue, hakunyanyuka. Manyoya ya kifua yalikuwa yamelowa, yakaganda pamoja na ardhi. Nikavuta. Manyoya na ngozi vikabaki chini, na bata yule akanitazama tu bila kulia.

Hapo niliingiwa na hofu ambayo sikuwahi kuijua. Elias alikuwa anakimbia huku na huko akimwita Mungu. Nikawaza: nimeua mali ya watu, nitarudishwa kwa aibu, na nikirudi sijui nitamkuta nani.

Mara lori la shangazi likaingia. Hakunifokea. Alinishika mkono ule niliokuwa navutia, akasema, "Usivute. Lete maji ya uvuguvugu."

Tukabeba ndoo kutoka jikoni, tukawa tunamwaga kidogo kidogo chini ya kila bata mpaka ardhi imwachie, kisha tunamkausha kwa gunia na kumpeleka bandani juu ya mabua makavu ya ngano yanayofika magotini. Tulifanya hivyo mpaka giza likaingia, na huku msimu huu giza huingia saa kumi za jioni. Vidole sikuvisikia tena.

Bandani nikachukua magunia nizibe matundu ya juu, kama tunavyoziba vibanda kwetu mwezi wa sita. Shangazi akayang'oa. Pumzi za bata, alinieleza, hupanda kama mvuke wa chungu. Usipoziachia njia juu zinawarudia zikiwa maji. Bata mkavu huvumilia baridi, aliyelowa hufa. Tukawawekea maji yasiyo baridi kwenye vyombo vya kuzamisha kichwa tu, si mwili, tukawapa mahindi mengi, maana tumbo lililoshiba ndilo blanketi lao.

Kufika asubuhi, bata kumi na tisa walikuwa wamekufa.

Shangazi akaniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia: kwenye redio, kwetu kuna vita, mume wangu ameandikwa. Akageuza ndoo akaikalia. Akasema mume wake naye alichukuliwa vitani, majira ya baridi kama haya, akamwacha na bata bukini wa baba mkwe.

"Alirudi?" nikamwuliza.

Akatikisa kichwa. Afadhali nisingeuliza, Baba Odilia.

Mbele ya meneja wa shamba alisema lori lilichelewa na kosa ni lake. Nilitaka kusema kweli, akanikanyaga mguu. Tulipotoka akaniambia, "Redio sikiliza. Ila bata waingize kwanza."

Basi nimebaki kazini. Lakini woga haujanitoka. Natazama mbingu kila mara, nawaingiza bata hata upepo ukiwa mpole. Tarishi wa posta akija na baiskeli yake natamani asimame, na hapo hapo natamani apite.

Nisalimie shemeji Leonsi anayechunga ng'ombe wa kijiji, na dada yangu Gaudensia mshonaji kule Bukiriro. Mwambie mwenyekiti mabanda yajengwe mahali pakavu palipoinuka, si bondeni kwenyewe, na matundu ya juu yasizibwe.

Na kama anayesoma hapa si Baba Odilia, ila ni mtu anayemsomea mama, nakusihi usitafute maneno mazuri. Niandikie yuko wapi, na nani alimwona mara ya mwisho. Odilia msimwambie kwamba nimeuliza.

Ni mimi mkewe,
Veneranda, Mama Odilia