Mtoto Ataitwa Nani

Machakos, Juni 1998

Kwa Kitonga,

Natumaini huko Misri wanakulisha vizuri, maana timu ya kulipwa haiwezi kukosa chakula. Hapa mvua ilituacha mapema na mahindi yamekauka yakiwa yanafika magotini.

Tangu uache chuo kabla ya kumaliza, tunafungwa kila mechi. Wale waliokubeba mabegani sasa wanakuita msaliti. Walichoma fulana yenye namba yako pale uwanjani, mimi nikiangalia. Nikawauliza, "Nyinyi mngeitwa Misri kucheza basketboli, mngekataa?" Siku hizi nikienda mechi nakaa peke yangu.

Hata Mama Kitonga anayeuza chai getini, yule aliyempa mtoto wake jina lako, amekasirika. Anataka tumwite Mama Mbithi. Juzi alimwita mtoto kwa hilo jina jipya mpaka sauti ikakauka, na mtoto hakugeuka.

Mimi nitajifungua Septemba. Nilikuandikia hivyo kwa barua mbili, labda hazikufika. Mama yangu alikuwa ananiuliza kila Jumapili tukitoka kanisani kama baba yako anajua kwamba mjukuu akiwa mvulana atachukua jina lake, vile desturi inataka. Nilimwambia angoje, wewe mwenyewe utamwambia.

Siku hizi haulizi tena. Jana aliweka mkono kwa tumbo langu akaliita Maundu. Na Maundu ni baba yangu, Kitonga, si wako.

Ni mimi,
Kamene