Upande Wako wa Makofi

Noela wangu,

Nina hasira nawe. Nilitaka kuanza na maneno mazuri, nimeshindwa, donc basi, nianze na hayo. Siku arobaini zimetimia, Jumamosi wameondoa kilio chako huko Columbus, nami nimerudi Buffalo na sufuria yako, vitenge vyako viwili, na wivu mwingi. Kuona wivu kwa ajili ya mtu aliyekufa! Mungu anisamehe.

Ile diski ya Wagitano, wale wapiga magitaa wanaoimba Kihispania, hawakunipa mimi.

Unaijua. Ile tuliyoiokota kwenye duka la mitumba Louisville, mwaka ule wa kwanza, wanaume wenye nywele ndefu wamekumbatia magitaa kwenye jalada. Uliniita kwa kelele mpaka muuzaji akaja mbio. "Sifa! Ni hawa! Hawa wa kaseti ya papa!" Kaseti ya papa, baba yako, iliyobaki Bukavu pamoja na kila kitu. Kihispania hatukukijua, na mpaka leo sikijui. Lakini magitaa yote yalipoingia kwa pamoja kwenye ule wimbo wa kwanza, nilisahau miguu yangu iliyovimba kwa kusimama ghalani kutwa.

Wewe ndiye uliyenifundisha makofi yao. Jikoni, ugali uko motoni. Ulishika yale makubwa, ya kubeba wimbo, mimi nikajaza katikati, haraka haraka, na nikikosea unanigonga begani na mwiko. "Usinifuate! Ukinifuata unaharibu. Wewe kaa pale mimi sipo." Nilikosea miezi. Siku nilipopata ulizima jiko, tukapiga albamu nzima, ugali ukabaki mbichi. Tulikuwa wawili tu. Nilidhani mambo hayo yatabaki ya wawili tu.

Bon. Mimi nikaolewa huku Buffalo, wewe ukaenda Columbus kutunza wazee. Diski ulibaki nayo, maana gari lako ndilo lilikuwa na mahali pa kuichezea. Sikuidai. Kwangu ilikuwa kama nimekuachia uniwekee.

Sasa sikia yaliyotokea. Baada ya maombi na chakula, mjomba wako aliketi katikati ya sebule kugawa vitu vyako. Kila mtu anasimama, anaeleza alikuwa nani kwako, anapewa kitu. Mimi niliitwa mapema. Nikapewa sufuria na vitenge, nikasema aksanti, nikakaa nikingoja. Kuomba niliona aibu. Isitoshe, nani mwingine angeitaka diski kuukuu yenye mikwaruzo? Akasimama mama mmoja mpole, Mama Gloire. Akasema mlikuwa mnafanya kazi pamoja Clintonville, kwa bibi mmoja wa kizungu, na kila asubuhi mlikwenda kwa gari lako. Akasema, "Mimi naomba tu ile muziki yetu."

Yetu! Noela, yetu ya nani?

Mjomba akampa. Watu wakaitikia amina. Mimi nikatazama ndani ya sufuria kama mtu aliyepoteza kitu humo.

Alipotoka nikamfuata. Sikudanganyi, nilikwenda kugombana, na maneno nilikuwa nimeshayapanga. Nikamkuta ndani ya gari lake, diski inaimba. "Ingia, mama, baridi hiyo," akasema. Nikaingia. Wimbo wa nne ukafika pale palipokwaruzika, siku ile nilipoiangusha mimi kwenye sinki la Louisville, na kabla haujaruka akagonga dashibodi kwa kiganja, ukapita vizuri. Alijua mkwaruzo wangu! Hilo liliniuma kuliko hata kunyimwa. Ulimwambia ni nani aliyeiangusha? Uliwahi kunitaja hata siku moja?

Ukaja wimbo wa sita, wa yule mzee mwenye sauti iliyokauka. Nikaanza kupiga makofi, makusudi kabisa, nimwonyeshe mwenye mali ni nani. Naye akaanza. Na alichopiga kilikuwa changu. Yale ya katikati, yale yale, pamoja na ule mkato wa mwisho ambao uliniambia hakuna mwingine anayeuweza. Viganja vyetu vikawa vinalia kwa pamoja, kofi kwa kofi, na pale pa kubeba wimbo hapakuwa na mtu. Tukaacha. Tukaanza upya. Vile vile.

Akaniangalia. "Yale makubwa yalikuwa ya Noela," akasema. "Mimi hakunifundisha."

Mimi pia hukunifundisha.

Nililia, Noela. Kwanza nililia wivu, sikufichi, halafu ndipo nikakulilia wewe. Siku arobaini nzima nilikuwa nashindana na watu kimoyomoyo, nani alikupenda zaidi, na sikuwa nimekulilia sawasawa. Mle garini ndimo nilimoelewa kwamba umekwenda.

Mama Gloire akaichomoa diski, akaniwekea mkononi. Akasema nichukue, na akija Buffalo atakuwa amejifunza makofi yako, ili mimi nibaki na yangu. Alisema kwa moyo safi kabisa. Nami nikaruka: "Hapana!" Nadhani hata mjomba alisikia kule ndani. Nikamrudishia diski yake. Yake, ndiyo, nimeandika. Lakini mahali pako hakai. Mahali pako nakaa mimi.

Basi kila jioni nikitoka kiwandani Lackawanna nakaa mezani, hata koti sijavua, napiga yako. Inanishinda. Mikono imezoea kukimbilia katikati, na huko katikati inakutafuta. Binti wa mume wangu ananitazama kutoka kwenye kochi, ananiambia kwa Kiingereza chake, "Mama, you're off," yaani nakosea mapigo. Najua. Ungenisikia ungecheka mpaka ukae chini.

Wivu haujaisha, usije ukadhani. Asubuhi zako zile zote za Clintonville bado namwonea. Lakini Pasaka atakuja kwangu na diski, nimemwalika mwenyewe, nitapika kwenye sufuria yako.

Pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi, siku hiyo wimbo nitaubeba mimi, naye atajaza katikati. Na sufuria yako ilikuja na mwiko ndani. Akinifuata, namgonga nao begani.

Wako,
Sifa